JIKO NA UBAO
Habari za mafundisho ya kazi za nyumbani katika shule



Katika kitabu hiki cha yubile mtasoma habari za maaskofu wetu, na za makanisa yaliyojengwa kwa mawe na chokaa, na za mapadre na walimu waliotembea kwa miguu kutoka pwani hata milimani. Habari hizo ni njema, na ni haki ziandikwe ili watoto wetu wazijue. Sisi tumepewa kazi ndogo kuliko hizo, nayo ni kuandika habari za jiko.

Huenda mtu atacheka, aseme, Jiko nalo lina historia? Ndiyo, linayo. Mtu asiyejua kusoma aweza kuishi siku nyingi. Lakini asiyejua kupika, wala kufua, wala kutunza akiba ya nyumba, hutegemea mikono ya wengine maisha yake yote. Basi twataka kueleza jinsi kazi hizo zilivyoingia katika shule, zilitoka wapi, zilileta mema gani na makosa gani, na kwa nini siku hizi mafundisho yake, yaitwayo sayansikimu, yamekaribia kusahauliwa katika shule nyingi.

1. Wasichana wa Mbweni

Habari hii kwetu yaanza Unguja. Mwaka 1864 Askofu Tozer aliihamishia huko Misheni ya Vyuo Vikuu, baada ya misheni kushindwa kukaa katika nchi ya mto Shire. Siku zile watumwa walikuwa wakiuzwa sokoni mjini, na manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi yaliyowachukua kinyume cha mapatano. Baadhi ya watoto waliotolewa majahazini walikabidhiwa misheni ili iwalee. Wavulana walipata shule yao Kiungani. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba Mbweni, kusini ya mji, na huko wasichana wakajengewa shule iliyoitwa ya Mtakatifu Maria. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kulifunga soko la watumwa. Lakini kufunga soko ni jambo moja, na kumlea mtoto aliyetoka sokoni ni jambo jingine.

Mwaka 1877 alifika Bibi Caroline Thackeray, akawa mkuu wa shule hiyo hata mwaka 1902. Alipoiacha kazi hiyo hakurudi kukaa kwao Uingereza. Alibaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926.

Wazee wetu husema, Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tuwaangalie basi wasichana wale. Mtoto aliyelelewa kwao hujifunza kazi bila kujua kwamba anajifunza. Huketi karibu na mamaye akakoka moto, akachambua mboga, akapepeta mchele, akambeba mdogo wake mgongoni. Hakuna aliyemwita darasani, wala hakuna aliyempa alama, na hata akifika umri wa kuolewa kazi yote i mikononi mwake. Lakini mtoto aliyenyang'anywa kwao akiwa mdogo, akatembezwa safari ndefu hata pwani, akatiwa katika jahazi, je, ni nani aliyemwonyesha kipimo cha chumvi? Mamaye hayupo, na ulimwengu uliomfunza ulikuwa mkali. Shule ilipomchukua mtoto huyo ililazimika kumpa herufi, na pamoja na herufi impe na yale ambayo mamaye angalimpa.

Ndiyo sababu pale Mbweni palikuwa na kazi za namna mbili. Wasichana waliopenda vitabu waliendelea na masomo, na baadhi yao wakawa walimu, hata wakapelekwa katika stesheni za bara. Wengine waliwekwa upande wa kazi za mikono, wakafundishwa kupika, kufua na kushona. Wengi waliolewa na vijana wa Kiungani, wakaenda pamoja na waume zao kufundisha vijijini. Hivyo nyumba ya mwalimu ikawa kama darasa la pili: watu walikuja kusikiliza neno, nao waliona pia jinsi nyumba inavyotunzwa.

Hapa pana jambo zito, nasi hatutalificha. Kupika, kufua na kuteka maji ndizo kazi zilizokuwa za watumwa katika nyumba za mjini. Basi msichana aliyekombolewa akipewa beseni na sabuni, je, amewekwa huru, au amebadilishiwa bwana tu? Maji ni yale yale na sabuni ni ile ile. Twaona kwamba tofauti i katika neno moja: ni nyumba ya nani? Aliyefundishwa kufua ili avae safi yeye na watoto wake, huyo amepewa mali. Aliyefundishwa kufua ili apige pasi nguo za mgeni kwa mshahara mdogo, asijue kazi nyingine yo yote, huyo ameongezewa mzigo. Katika miaka ya ukoloni shule nyingi za Afrika zilichanganya mambo haya mawili, na wazazi wakaona, wakanung'unika. Tena wale waliowekwa upande wa kazi za mikono walihesabiwa kuwa wazito wa akili, na dharau hiyo imedumu hata leo.

2. Bibi aliyepima maji

Wakati ule ule Bibi Thackeray alipokuwa Mbweni, huko Marekani palikuwa na bibi mwingine aliyeitazama kazi ya nyumbani kwa jicho la namna nyingine. Twamtaja kwa kuwa mawazo ya nchi yake juu ya elimu hii yalifika hata kwetu, kama mtakavyoona.

Jina lake Ellen Swallow Richards, aliyezaliwa mwaka 1842. Yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chuo cha ufundi cha Massachusetts, kilichokuwa mjini Boston, akapata shahada yake ya kemia mwaka 1873. Tangu mwaka 1887 alishughulika na kazi kubwa ya kupima maji ya mito na visima vya jimbo lile, ili ijulikane yapi yafaa kunywewa na yapi yameharibika. Bibi huyu aliona kwamba elimu iliyo katika chupa za maabara ndiyo ile ile iliyo katika sufuria. Maji yakichemka, kuna sababu. Unga ukiumuka, kuna sababu. Maziwa yakiganda, kuna sababu. Mwanamke aijuaye sababu si mtumishi wa jiko, bali ni bwana wake.

Mwaka 1890 yeye na wenziwe walifungua jiko mjini Boston, wakawauzia maskini na wafanya kazi chakula kilichopikwa kwa vipimo, cha bei ndogo na chenye nguvu. Mwaka 1893 wakafanya jiko jingine la kuonyesha katika maonyesho makubwa ya Chicago. Lakini lile la Boston halikupendwa kama walivyotazamia. Wageni wengi waliotoka Ulaya kutafuta kazi walisema kwamba chakula kile si chakula chao, wakaendelea kupika walivyozoea. Hapo tupate fundisho. Mwalimu aletaye kitabu cha mapishi yasiyojulikana na watu, mwenye kutaka siagi na unga wa ngano mahali penye muhogo, kunde na dagaa, atasifiwa siku ya mgeni rasmi, na kesho yake hakuna atakayepika alivyofundisha. Jambo hili lilitukia katika shule zetu pia, ambako wasichana walifundishwa kuoka keki, kumbe nyumbani kwao hapakuwa na jiko la kuokea.

Mwaka 1899 Bibi Richards na wenziwe walikutana Lake Placid, katika jimbo la New York. Walikuwa watu kumi na mmoja tu. Hapo walichagua jina la elimu hii, maana yake utunzaji wa nyumba kwa akili na kwa kiasi, wakaendelea kukutana kila mwaka hata 1908. Baadaye kikaundwa chama cha nchi nzima, naye akawa rais wake wa kwanza. Alifariki mwaka 1911. Mwaka 1917 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kuzipa shule za sekondari fedha za kufundishia kilimo, ufundi na elimu ya nyumbani, na masomo hayo yakaenea mjini na shambani. Kwa miaka mingi darasa hilo lilikuwa la wasichana. Sheria ya mwaka 1972 ndiyo iliyokataza kuwatenga wanafunzi kwa sababu ya kuwa wa kiume au wa kike, na wavulana wakaingia nao jikoni.

3. Mwalimu na mkewe

Sasa tueleze jinsi habari za Marekani zilivyovuka bahari. Huko nako palikuwa na watu waliotoka utumwani, nao walipata uhuru mwaka 1865 vita vilipokwisha. Mwaka 1868 shule ya Hampton ilifunguliwa kwa ajili yao katika jimbo la Virginia, na mwaka 1881 mmoja wa wanafunzi wake, Booker T. Washington, akawa mkuu wa shule mpya ya Tuskegee, Alabama. Wanafunzi wa Tuskegee walifyatua matofali ya majengo yao wenyewe, wakalima chakula chao, na wasichana wakafundishwa kushona, kupika na kufua. Washington alisema kwamba mtu mwenye kazi mikononi ataheshimiwa. Dk. W. E. B. Du Bois, mtu mweusi mwenye elimu nyingi, alimpinga waziwazi. Aliona kwamba watu wakifundishwa kazi za mikono peke yake, bila elimu ya juu na bila haki zao, watabaki chini siku zote. Mabishano yao ndiyo swali lile lile la Mbweni: kazi hii ni ya kumwinua mtu, au ya kumweka mahali pake?

Mwaka 1907 Bibi Anna Jeanes, mtu wa Philadelphia, alitoa dola milioni 1 kusaidia shule ndogo za watu weusi mashambani. Mwalimu wa kwanza wa mpango huo, Bibi Virginia Randolph, alianza kazi yake mwaka 1908, akizunguka shule za wilaya ya Henrico katika Virginia. Aliwasaidia walimu kufanya shule zao ziwe safi, na kufundisha kazi za mikono pamoja na masomo.

Mwaka 1924 baraza la Phelps-Stokes lilizunguka Afrika ya Mashariki kutazama hali ya elimu. Katika wajumbe wake alikuwamo Dk. James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Kutokana na safari hiyo na mashauri ya serikali na misheni, mwaka 1925 ilifunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, ili kuwafundisha walimu wa kuzungukia shule za vijijini. Walimu hao walikuja Kabete pamoja na wake zao na watoto wao, wakakaa katika nyumba ndogo ndogo kama kijiji. Mume alijifunza ualimu, kilimo na afya. Mke alijifunza upishi, ushonaji, usafi na kulea watoto. Kisha wakarudi kwao pamoja.

Twaona kwamba Kabete walishika jambo moja sawasawa: hawakumfundisha mke katika nyumba ya kuigiza, bali katika nyumba anayokaa na mumewe na watoto wake. Akipika, chakula chaliwa na wanawe. Akifua, ni nguo zao. Hata hivyo manung'uniko yalikuwapo. Waafrika waliuliza kwa nini watoto wao wapewe jembe na sindano, na watoto wa Wazungu wapewe vitabu na vyeti. Swali hilo lilikuwa la haki, maana kazi za mikono zilikuwa zimewekwa mahali pa elimu ya juu, badala ya kukaa pamoja nayo.

4. Baada ya Uhuru

Nchi zetu zilipopata uhuru, watu walikimbilia vitabu, na ni nani atakayewalaumu? Vitabu ndivyo walivyonyimwa. Lakini mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, akionya kwamba shule inamtenga kijana na watu wake na kumfanya adharau kazi. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari za Tanzania zikapewa michepuo, ya kilimo, ya ufundi, ya biashara na ya sayansikimu. Huko Kenya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza kilimo, ufundi na sayansikimu hata katika shule za msingi, kwa wavulana na wasichana.

Mipango ilikuwa mizuri, lakini ilipata taabu. Somo la kupika lahitaji unga, mafuta na kuni. Somo la kushona lahitaji kitambaa, uzi na cherehani. Ubao na chaki ni rahisi kuliko vyote hivyo. Wazazi wa Kenya walichangishwa fedha za kujenga vyumba vya kazi, na shule nyingi hazikuweza. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Kwetu nako michepuo mingi ilibaki kuwa jina tu. Tena mtihani wa karatasi ulitawala, hata mtoto akaweza kuandika hatua zote za kupika uji, asiwe amewahi kushika mwiko. Tangu mwaka 2024 sekondari za Tanzania zimeanza kupata mkondo wa amali kando ya elimu ya jumla. Tunaushukuru mpango huo, lakini twaikumbuka michepuo, na twaomba huu usiende njia ile ile.

5. Neno letu kwa walimu na wazazi

Katika mtaa wetu alikuwapo kijana aliyesoma vizuri, tangu shule ya msingi hata kidato cha sita, na miaka sita ya mwisho alikaa bweni. Alioa, na mkewe akajifungua salama. Mama zao walikuwa mbali, mvua zimekata njia. Kijana yule alisimama mbele ya jiko, asijue uji wa mzazi unapikwaje. Alitia unga katika maji yaliyokwisha chemka, ukawa madonge. Jirani, bibi mzee asiyejua kusoma hata jina lake, alikuja akamwonyesha jinsi ya kuukoroga unga kwanza katika maji baridi. Kijana akasema kwa haya, "Bibi, nimesoma miaka kumi na mitatu, wala hakuna aliyenionyesha hili." Yule bibi akamjibu, "Si kosa lako, mjukuu wangu. Walikuchukua mapema."

Neno hilo limekaa mioyoni mwetu. Hatufananishi bweni na jahazi la watumwa, hasha! Mzazi humpeleka mtoto shule kwa mapenzi, na kwa kuuza mbuzi wake. Lakini jambo moja ni sawa: mtoto ameondolewa karibu na moto wa mamaye miaka ile ambayo angejifunza. Basi shule iliyomwondoa ina deni. Haitoshi kumrudisha na cheti.

Deni hilo lalipwaje? Tunasema mambo matatu, nayo twayapata katika habari tulizoeleza. La kwanza, kazi ifundishwe kwa ajili ya nyumba ya mwanafunzi mwenyewe, kwa vyakula na vyombo vya kwao. La pili, ifundishwe pamoja na sababu yake. Mfano ni huu: mtoto akiharisha, hukauka maji mwilini, na hilo ndilo liuwalo. Mwanafunzi wa sayansikimu apaswa kujua kuchanganya katika lita 1 ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, na kumnywesha mtoto kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati. Ajue pia kwamba chumvi ikizidi yadhuru, na kwamba sukari kwa kiasi hicho huyasaidia maji na chumvi kupenya katika utumbo. Huo ni upishi, tena ni kemia, tena ni kuokoa roho ya mtu. Nani atasema ni somo la wazito wa akili? La tatu, ifundishwe kwa wavulana na wasichana, kwa kuwa wote hula, na wote watakuwa na nyumba.

Twaijua shule moja yenye chumba cha sayansikimu kilichojengwa vizuri, chenye meza za saruji na bomba la moshi. Kimefungwa kwa kufuli. Ndani mna madawati yaliyovunjika na majiko yenye kutu. Walimu wenzetu, na ninyi wazazi mlio katika kamati za shule, hatuwaombi majengo mapya katika mwaka huu wa yubile. Tutafuteni ufunguo wa chumba kile. Tuyatoe madawati, tufagie, kila mzazi alete kibaba cha unga na mwiko mmoja. Na yule bibi mzee aitwe, akae mbele ya darasa, awaonyeshe vijana jinsi unga unavyokorogwa. Kisha mwalimu wa kemia asimame kando yake, awaeleze kwa nini.